Kalantiaw Hakuwako: Vitabu Juu ya Utawala wa Zamani wa Wafilipino

Mwaka 1914 mtu mmoja wa kisiwa cha Negros, katika Ufilipino, jina lake José E. Marco, alipeleka kwenye maktaba ya serikali mjini Manila maandiko aliyodai kuwa ni ya kale. Ndani yake mlikuwa na sheria kumi na nane. Ilisemwa ya kwamba zilitungwa mwaka 1433 na mtawala mmoja wa kisiwa cha Panay aitwaye Kalantiaw, karibu miaka tisini kabla Wahispania hawajaonekana katika bahari ile. Mkubwa wa maktaba, Mwamerika James A. Robertson, alizipokea kwa furaha, akazitangaza kwa Kiingereza mwaka 1917. Kutoka hapo zikaingia katika vitabu vya historia, na kutoka vitabuni zikaingia shuleni. Watoto wakazikariri. Mwaka 1971 serikali ikaanzisha nishani kwa jina la Kalantiaw, ili iwe heshima ya watu waliotumikia haki.

Kumbe Kalantiaw hakuwako. Sheria zake hazikuandikwa mwaka 1433 wala katika karne iliyofuata. Zilitungwa katika karne ya ishirini, na zilitoka mikononi mwa Marco.

Tunataka kupima hapa vitabu vinavyoeleza jinsi Wafilipino walivyojitawala zamani, na jinsi walivyotawaliwa na Wahispania tangu mwaka 1565 mpaka 1898. Msomaji atauliza: visiwa vya mbali namna hii vina faida gani kwetu? Tunajibu kwamba wengi wa mashahidi katika shauri hili ni mapadri na maaskofu. Walioandika vizuri ni wa Kanisa letu, na baadhi ya waliotenda vibaya ni wa Kanisa letu pia. Inafaa tuwasome wote kwa macho mawili.

Tuanze na huyo Kalantiaw, maana uongo wake unafundisha. Sheria zake ni za kutisha. Mtu atazamishwa mtoni, mwingine atachemshwa, mwingine atatupiwa mamba. Aliyeua paka mweusi wakati wa mwezi mwandamo ataachwa aliwe na siyafu. Ukizisoma zote, unaona mfalme mkali mwenye kuamuru, na chini yake watu wasio na neno. Basi kwa nini Wafilipino wengi wenye elimu walizipenda? Sisi tunafikiri sababu ni hii: nchi ilikuwa chini ya Wamarekani tangu 1898, na mtu aliyetawaliwa hutamani kuonyesha karatasi. Wageni walikuwa wakisema, "Ninyi hamkuwa na serikali." Marco akaleta karatasi yenye tarehe, yenye jina la mfalme na hesabu ya sheria, kama vitabu vya sheria vya Ulaya. Watu wakaipokea bila kuuliza imetoka wapi. Hawakuona ya kwamba kwa kupokea heshima ile walikuwa wanawasingizia babu zao ukatili ambao hawakuufanya.

Kosa la Robertson tunaliona kubwa zaidi. Yeye alikuwa amekwisha kutoa, pamoja na Emma Blair, vitabu hamsini na vitano vya hati za kale za Ufilipino, kati ya mwaka 1903 na 1909. Alikuwa anazijua hati za kweli kuliko karibu watu wote wa wakati wake, na katika hati hizo hakuna hata mstari mmoja unaofanana na sheria za Kalantiaw. Tena alizitangaza.

Aliyevunja uongo huu ni William Henry Scott, Mwamerika, mmisionari asiye padri wa Waepiskopali, aliyekaa miaka mingi huko Sagada katika milima ya Luzon. Hakuwa Mkatoliki, lakini kazi yake aliileta mwaka 1968 katika Chuo Kikuu cha Santo Tomas mjini Manila, chuo cha Wadominiko kilichoanzishwa 1611. Mbele yake walikaa wenye historia wakubwa wa nchi, na kati yao Myezuiti Horacio de la Costa. Hakuna aliyesimama kumtetea Kalantiaw.

Njia ya Scott ilikuwa rahisi, nayo ndiyo tunayotaka kuisifu. Hakubishana kwanza juu ya maneno ya sheria. Aliuliza: ni nani aliyeiona karatasi hii kabla ya Marco? Jibu: hakuna. Kisha akasoma dibaji. Maandiko yale yalisemwa ni ya padri mmoja aitwaye José María Pavón, ya mwaka 1838 na 1839, naye ameyatoa kwa heshima ya mfalme wa Hispania. Lakini miaka ile Hispania haikuwa na mfalme! Aliyekuwa na taji ni Isabella wa Pili, mtoto wa kike wa miaka minane. Je, padri Mhispania asijue ya kwamba mfalme wake amekufa na binti amerithi? Mwongo husahau kitu kidogo. Hata hivyo vitabu vya shule vilichelewa sana kusikia, nayo Taasisi ya Taifa ya Historia ilitoa tangazo lake rasmi mwaka 2004 tu.

Sasa tuje kwa shahidi wa kweli. Padri Juan de Plasencia, Mfransisko, alifika Ufilipino katika miaka ya 1570, akafanya kazi hasa katika nchi ya Laguna, kusini mashariki ya Manila. Mwaka 1589, akiwa Nagcarlan, aliandika habari ya desturi za Watagalogi. Hakuandika ili kupata sifa. Maafisa wa Hispania walikuwa wanaamua mashauri ya watu bila kujua mila zao, nao waliomba msaada. Plasencia anasema aliwakusanya wazee wa sehemu mbalimbali, wenye akili, aliowajua mwenyewe, akawauliza. Ni kazi ambayo mkatekista yeyote aliyeketi na wazee barazani anaifahamu.

Anatuambia nini? Kwamba hapakuwa na mfalme mmoja wa nchi yote. Watu walikaa katika vikundi vidogo viitwavyo barangay, pengine nyumba mia, pengine chini ya thelathini, na kila kikundi kilikuwa na mkubwa wake, datu. Jina barangay ni jina la mashua. Plasencia anaeleza ya kwamba watu wale walifika kwa bahari, jamaa moja na watumwa wao katika chombo kimoja, na mwenye chombo akabaki kuwa mkubwa wao walipotua nchi kavu.

Chini ya datu palikuwa na watu huru walioitwa maharlika. Hawakulipa kodi kwa datu, bali walimfuata vitani na kumpigia makasia. (Siku hizi wengi katika Ufilipino hudhani maharlika maana yake ni watu wa ukoo wa kifalme. Wangemsoma Plasencia wangeona ni watu huru wa kumfuata mkubwa, si wafalme.) Kisha alipin wa namna mbili. Wa kwanza, aliping namamahay, alikuwa na nyumba yake na mali yake, naye alimtumikia bwana wake na kumpa sehemu ya mavuno. Wa pili, aliping sagigilid, alikaa nyumbani mwa bwana na aliweza kuuzwa.

Hapa ndipo tunapomlaumu Plasencia. Wote wawili wana jina moja la alipin, naye anajitahidi kueleza ya kwamba wa kwanza si mtumwa kabisa. Mwenyewe aliona hatari. Anaonya ya kwamba waamuzi wasiojua huchanganya namna hizo mbili, na mtu mwenye nyumba yake akaingizwa katika hali ya yule awezaye kuuzwa. Lakini jina hilo moja lilikuwa na nguvu kuliko onyo lake. Tena wazee aliowauliza, kwa maoni yetu, walikuwa zaidi wa upande wa wakubwa. Sauti ya alipin mwenyewe haisikiki katika kurasa zake.

Lakini tazameni mambo anayoyahifadhi. Kama baba ni maharlika na mama ni mtumwa, watoto waligawanywa kwa zamu: wa kwanza, wa tatu na wa tano wa baba, wa pili, wa nne na wa sita wa mama. Kama mtoto ni mmoja tu, alikuwa nusu huru na nusu mtumwa. Kwa Mkristo jambo hili ni gumu kulisoma. Na sehemu kubwa ya utumwa huo ilizaliwa na deni. Mtu aliyekopa akashindwa kulipa, au aliyetozwa faini akakosa mali, aliingia katika mikono ya mwenye kumdai, na watoto wake nyuma yake. Mhispania Miguel de Loarca, aliyeandika mwaka 1582 juu ya visiwa vya Bisaya, anaonyesha mambo yaleyale huko, ingawa majina ya vyeo ni tofauti. Ndiyo maana adhabu za Kalantiaw zinajulisha uongo wake. Katika utawala wa kweli makosa mengi yalimalizwa kwa mali. Datu hakuwa na faida kumtupa mkosaji kwa siyafu. Alikuwa na faida kumpata awe mtu wake.

Na haki ilitolewaje? Datu aliamua mbele ya watu wa barangay yake, si chumbani peke yake. Mmojawapo akiona ameonewa, pande zote zilikubaliana juu ya mwamuzi kutoka kijiji kingine, awe datu au asiwe datu, mtu aliyejulikana kwa unyofu. Sisi tulisimama hapo tulipokuwa tukisoma. Watu wasio na mfalme, wasio na gereza, walikuwa na njia ya kukata rufani.

Hatusemi ya kwamba visiwa vyote vilikuwa hivyo. Kusini, katika Sulu na Maguindanao, palikuwa na masultani Waislamu, na Manila yenyewe ilikuwa na wakubwa wenye jina la raja, ndugu wa watu wa Brunei. Magellan alipofika Cebu mwaka 1521, Raja Humabon alibatizwa, na siku chache baadaye Lapulapu wa Mactan, mkubwa wa kisiwa cha jirani, hakukubali, na Magellan akafa ufukweni tarehe 27 Aprili. Wakubwa wawili walitazamana kwa macho, na hapakuwa na mtu juu yao wa kuwaamuru.

Basi Wahispania waliifanyia nini mashua hiyo? Hawakuivunja. Waliipa kazi nyingine. Datu akawa cabeza de barangay, naye akapewa kukusanya kodi ya nyumba kama arobaini au hamsini, kwanza reali nane kwa mwaka, baadaye kumi. Yeye mwenyewe, pamoja na mwana wake wa kwanza, alisamehewa kodi na kazi ya lazima. Wanaume wengine, tangu miaka kumi na sita mpaka sitini, walifanya kazi ya serikali siku arobaini kwa mwaka, mpaka zilipopunguzwa kuwa kumi na tano mwaka 1884. Juu ya cabeza palikuwa na mkubwa wa mji, gobernadorcillo, maana yake gavana mdogo. Wazee wa cabeza waliandika majina matatu, na serikali ikachagua mojawapo. Juu yake alcalde mayor Mhispania, ambaye mpaka mwaka 1844 aliruhusiwa kufanya biashara katika jimbo lilelile alimokuwa mwamuzi na mtoza kodi. Yaani mtu mmoja anauza, anapima na anahukumu! Na kama kodi ya kikundi ilipungua, cabeza aliijazia kwa mali yake. Zamani alikuwa anadai, sasa anadaiwa. Msomaji wa Kongo anayekumbuka wachefu waliovikwa medali atafahamu haraka.

Wakubwa wenyewe walifahamu haraka vilevile. Mwaka 1587 na 1588 datu wa Tondo na wa miji ya jirani, Agustin de Legazpi, Martin Pangan, Magat Salamat na wenzao, walifanya shauri la siri ili kuwafukuza Wahispania. Walisalitiwa, na wengine wakauawa. Majina ya baadhi yao ni ya ubatizo, nao walikuwa ukoo wa wale waliompokea Legazpi mwaka 1571.

Kuhusu miaka hiyo, kuna Wakatoliki wanaosoma habari za maaskofu wa kwanza tu, na kuna wapinzani wanaosoma habari za mapadri wa mwisho tu. Wote wawili wanakata kitabu katikati. Askofu wa kwanza wa Manila, Mdominiko Domingo de Salazar, aliyefika 1581, aliitisha sinodi mwaka 1582, nayo ilisimama imara juu ya amri ya mfalme ya kuwaachilia watumwa walioshikwa na Wahispania. Mwenzake Miguel de Benavides alipeleka kwa mfalme swali ambalo watawala hawapendi kuulizwa: mnatawala hapa kwa haki gani? Mfalme Filipe wa Pili akaamuru mwaka 1597 watu waulizwe kama wanamkubali, na mwaka 1599 wakaulizwa. Jibu lilikuwa ndiyo. Tunaliheshimu swali kuliko jibu, maana waliojibu walikuwa wakubwa, na askari walikuwa karibu. Alipin hakuulizwa.

Karne tatu baadaye padri wa parokia alikuwa mara nyingi Mhispania peke yake mjini. Alcalde alikuja akaenda. Padri alikaa miaka ishirini, alishuhudia uchaguzi wa gobernadorcillo, alitazama orodha za kodi. Pale serikali ilipokuwa dhaifu, yeye akawa serikali. Mwaka 1649, watu wa Samar walipoamriwa kwenda mbali kujenga meli za mfalme huko Cavite, waliasi chini ya Sumuroy, na mtu wa kwanza kuuawa Palapag alikuwa Padri Miguel Ponce, Myezuiti. Yeye hakuitoa amri ile. Lakini watu hawakuona tena mpaka kati ya kengele ya kanisa na ngoma ya kazi. Na mwaka 1872 mapadri watatu wenyeji wa Ufilipino, Gómez, Burgos na Zamora, walinyongwa mbele ya watu mjini Manila kwa shtaka la uasi. Burgos alikuwa ametetea haki ya mapadri wa nchi kushika parokia.

Kitabu kilichozaliwa na uchungu huo ni cha José Rizal. Mwaka 1609 mwamuzi Antonio de Morga alikuwa amechapisha Mexico habari za Ufilipino, kitabu kizuri chenye kuona mengi. Rizal alikinakili London, akakitoa upya Paris, kikiwa na tarehe ya 1890, na chini ya kila ukurasa akaweka maelezo yake. Alitaka kuwaonyesha wenzake ya kwamba babu zao walikuwa na biashara, ufundi, merikebu na sheria. Rafiki yake Ferdinand Blumentritt, aliyeandika dibaji, hakumficha lawama mbili: kwamba anawahukumu watu wa zamani kwa mizani ya siku zake, na kwamba anapiga dini pale ambapo angepiga watu walioitumia vibaya. Sisi tunakubaliana na Blumentritt, lakini si kwa kumtupa Rizal. Anapoonyesha jinsi kazi ya lazima ilivyomaliza vijiji, ana haki, na hati za mapadri wenyewe zinamsaidia. Anapofika kwa alipin, kalamu yake inakuwa laini kupita kiasi. Mtoto aliyekuwa nusu mtumwa hakuwekwa hivyo na Mhispania. Rizal aliuawa tarehe 30 Desemba 1896, na hakupata muda wa kuandika historia kubwa ambayo maelezo yale yalikuwa mwanzo wake.

Kati ya vitabu vyote, kile tunachomshauri msomaji akitafute ni *Barangay* cha Scott, kilichotoka mwaka 1994, baada ya kifo chake. Si chepesi, maneno ya lugha za visiwa yamejaa kama mchanga. Lakini kimejengwa kwa vitu ambavyo hakuna aliyeviona kuwa historia: kamusi za wamisionari. Padri Pedro de San Buenaventura alipochapa kamusi ya Kitagalogi huko Pila mwaka 1613, alitaka wenzake waweze kuhubiri na kuungamisha. Ili kuungamisha ni lazima ujue neno la kukopa, la riba, la kumnyang'anya jirani, la kumrithi mtumwa. Scott alizichambua kamusi hizo neno kwa neno, na barangay ya kweli ikaonekana pamoja na madeni yake, karamu zake na mashauri yake. Kazi iliyofanywa kwa ajili ya roho za watu ilihifadhi pia serikali yao.

Na kama mtu bado anadai karatasi, ipo. Mwaka 1989 lilipatikana karibu na mto Lumban, katika Laguna ileile ya Plasencia, bamba la shaba lenye maandishi. Antoon Postma, Mholanzi aliyekwenda Mindoro kama mmisionari, alilisoma. Lina tarehe ya mwaka 900, miaka zaidi ya mia tano kabla ya Kalantiaw wa uongo. Halina mfalme mkali wala mamba. Linasema ya kwamba deni la dhahabu la mtu aitwaye Namwaran limefutwa na mkubwa wa Tundun, wakubwa wengine wakiwa mashahidi, na ya kwamba binti yake na ndugu zake wamefunguliwa pamoja naye. Kisha linaanza kueleza kwa nini limeandikwa: ili siku moja, akitokea mtu wa kusema deni halijaisha, na hapo mstari wa mwisho unakatika.